Kifuniko cha Bakuli la Mama Zubeda

Kifuniko ninachofunikia maharage hakikutengenezwa kwa ajili ya sufuria yangu. Kinaizidi upana pande zote, na mvuke ukipanda kinachezacheza na kugonga kama mtu anayebisha hodi na hana subira. Ni cha bati lililopakwa rangi nyeupe ya kung'aa, ukingo wa buluu, na kuzunguka kishikio kuna maua mekundu yaliyobanduka hapa na pale. Harufu ya maharage yanayokaribia kuiva, kabla hujatia mawese, ikichanganyika na ile ya bati la moto, hunirudisha Kibondo hata siku ambazo sitaki kwenda.

Jana sikutaka. Nilikuwa nimetoka kwenye kikao cha walimu na wazazi hapa Kasulu ninakofundisha, nimechoka na moyo umejaa. Ilipendekezwa kwamba mwaka huu, siku ya kufunga shule kabla ya Krismasi, watoto wasipeane zawadi wao kwa wao kama ilivyozoeleka. Zawadi zote zikusanywe zipelekwe kwa watoto wenye uhitaji. Watu walipiga makofi, na mimi nilipiga. Kisha nikanyoosha mkono, nikauliza: hao watoto na mama zao, watapata wapi nafasi ya kuturudishia?

Watu waligeuza shingo kunitazama. Halafu baba mmoja aliyekaa karibu na dirisha akasema, "Mwalimu, kumbe wewe unataka msaada wenye riba." Watu wakacheka, mwenyekiti akasema twende kwenye mengineyo, na swali langu likabaki limesimama pale kama mgeni ambaye hakuonyeshwa kiti.

Mimi si mpinzani wa kutoa. Mtu akiniambia kuna mtoto hana daftari, mkono wangu hauulizi maswali. Lakini kuna jambo ambalo nimejaribu kulieleza mara nyingi, na kila mara nakatizwa kabla sijafika katikati, kwa sababu halielezeki mpaka kwanza umweleze mtu habari za bakuli. Na mwenye bakuli amefariki mwezi uliopita. Basi nivumilieni, nilieleze hapa polepole.

Mama yangu alikuwa mwalimu. Kwao ni Tukuyu. Alipangiwa Kibondo mimi nikiwa bado mgongoni, baba akabaki Mbeya na kazi yake, akawa anakuja likizo. Tulikaa kwenye nyumba za serikali za matofali mekundu, na ng'ambo ya barabara lilikuwapo duka la vitenge na vyombo la baba yake Zubeda. Mama Zubeda kwao Tanga. Yeye na mama yangu hawakuwa na ndugu hata mmoja pale. Kiha walijifunzia sokoni, kila mmoja kwa makosa yake, na jioni walikaa barazani wakisahihishana maneno ambayo wote wawili walikuwa hawayajui. Mama alimwita shoga. Mama Zubeda alimwita Mwalimu mbele za watu, na Mama Atu wakiwa wawili.

Atu ni mimi.

Sheria ya sahani mnaijua, hata kama hakuna aliyewahi kukaa chini kuwafundisha. Jirani akikuletea chakula, sahani yake hairudi tupu. Ukiwa huna kitu, utatia chumvi, au karanga za kujaza kiganja. Nimewahi kutumwa kwa Mama Zubeda na sahani yenye ndimu moja tu, ikibiringika kutoka ukingo hadi ukingo, nikatembea kama niliyebeba yai. Naye aliipokea ndimu ile kwa mikono miwili, akasema, "Hii ndiyo niliyokuwa naitafuta tangu asubuhi." Nilimwamini kabisa.

Sahani hizo ndogo zilivuka barabara karibu kila siku. Bakuli lilikuwa jambo jingine. Lilikuwa kubwa, jeupe, lenye maua mekundu ubavuni na kifuniko cha kufanana nalo, na Mama Zubeda alikuja nalo kutoka Tanga alipoolewa. Hilo lilikuwa la sikukuu peke yake. Siku ya Idi lilikuja kwetu limejaa pilau, na chini yake, kimekunjwa vizuri, kitambaa cha kunishonea gauni. Halirudi kesho yake. Linakaa juu ya kabati letu hadi Krismasi. Krismasi ikifika, kuku wetu anavushwa barabara akiwa hai ili baba yake Zubeda amchinje, wote tuweze kumla, anarudi, mama anampika, na bakuli linakwenda kwa mwenyewe limejaa wali na kuku, na chini yake kitambaa cha gauni la Zubeda. Huko linakaa hadi Idi. Lilikuwa bakuli lenye nyumba mbili.

Akilini mwangu, bakuli ndilo lililowafanya wale wanawake kuwa marafiki. Sikujua kwamba ilikuwa kinyume chake. Nilidhani ni kama kamba, na kwamba likipitiliza sikukuu yake bila kuvuka, mtu fulani mkubwa angekuja kuifunga njia, mimi na Zubeda tusiruhusiwe tena kucheza. Sikumwambia mtu. Watoto hawasemi mambo ambayo wana hakika nayo.

Mwaka ninaousimulia ni ule ambao kambi ya wakimbizi ya Nduta ilikuwa imefunguliwa tena. Watu walikuwa wakivuka kutoka Burundi, mabasi yanapita yamejaa, madirishani unaona vichwa vya watoto waliolala. Kanisani kwetu alikuwa amekuja mchungaji mpya, mtu mwema, mwenye sauti nzito. Jumapili moja akasema kwamba Krismasi hii tusipeane sisi kwa sisi. Kila nyumba ichukue mtoto mmoja wa kambini, imvike na kumlisha, na kile ambacho tungetumia kupeana sahani na nguo, tukipeleke huko.

Mama alirudi nyumbani uso unang'aa. Kitambaa cha Zubeda alikuwa ameshakinunua, cha njano chenye vidoti vyeupe, kiko kwenye mfuko juu ya kitanda. Jioni ile akaniita nisimame, akaanza kunipima mabega kwa kamba.

"Hicho si cha Zubeda?" nikauliza.

"Kuna mtoto kambini amelingana na wewe. Zubeda ana nguo, mwanangu."

"Na mimi ninazo. Lakini wao walinipa Idi."

"Mwaka huu hatupeani, Atu. Mwaka huu tunatoa. Geuka."

Nikageuka. "Mama Zubeda umemwambia?"

"Mama Zubeda ni mtu mzima. Ataelewa."

Watu wazima wana imani kubwa sana katika mambo ambayo hawajayasema.

Siku moja kabla ya Krismasi gari la kanisa lilikuja kutuchukua. Ndoo zetu zote zilikuwa zimetangulia na mchango wa unga. Mama alikuwa amekaanga maandazi tangu alfajiri, kilima kizima, na hakuwa na chombo cha kuyabebea. Alizunguka jikoni, akainua macho juu ya kabati. Dereva alikuwa anapiga honi. Akalishusha bakuli, akalijaza, na kwa kuwa kilima kilizidi kimo akaacha kifuniko mezani, akalifunga juu kwa kanga.

"Mama, hilo…"

"Tunakwenda nalo, tunarudi nalo. Kesho kutwa nalijaza, unalipeleka. Panda gari."

Mvua ilikuwa imenyesha, barabara ni tope jekundu na harufu ya mikaratusi. Kambini nilitegemea kuona watu wanaolia, kwa sababu ndivyo nilivyoelewa mahubiri. Nikakuta watu wanaofua, wanaosukana, wanaogombana foleni ya maji. Kijana aliyetuongoza alikuwa wa shirika mojawapo, mtu wa Dar kwa lafudhi, mwenye kizibao na kofia. Alituambia tuharakishe, wageni wanatakiwa kuwa wametoka mapema. Kila nyumba ikapelekwa kwa mtoto wake.

Wa kwetu aliitwa Kaneza. Alikuwa mwembamba, macho yake hayakutulia mahali. Mama yake alikuwa mrefu, kitenge kimefungwa vizuri kama anatarajia wageni, ingawa hema lilikuwa halina kitu zaidi ya mikeka, sufuria na jerikeni. Alipokea gauni, akalipitisha shavuni kwake, akamvisha mtoto pale pale. Likamfika chini ya magoti. "Murakoze, mama," akashukuru kwa Kirundi, na mama yangu akajibu kwa Kiha chake cha sokoni, wakacheka kidogo kwa sababu walisikilizana. Kijana akatupiga picha.

Kisha yule mama akaingia na bakuli ndani, akamimina maandazi kwenye sufuria yake. Mama alisubiri, mikono tayari kulipokea. Halikutoka. Nilichungulia, nikamwona amesimama katikati ya hema, bakuli kifuani, anatazama huku na huku. Akatoka, akatupita, akasema, "Subirini, mama. Kidogo tu," akaenda kwa hatua ndefu kuelekea mahema ya nyuma. Na bakuli letu.

Tulisubiri. Honi ikalia. Kijana akaja, "Mwalimu, tunafungiwa geti." Honi ikalia tena. Mama akatazama njia aliyokwendea yule mama, akatazama gari, akanishika mkono.

"Kakimbia nalo," nikasema tukishaketi.

"Hajakimbia."

"Kaliiba bakuli la Mama Zubeda."

"Atu, nyamaza."

Hakunieleza. Nimekuwa mwalimu mwenyewe sasa, najua uchovu ule ambao mtu anao jibu lakini hana nguvu ya kulianza. Ila ningelielezwa siku ile, ndani ya gari lile, ningeyapita majuma yaliyofuata kwa wepesi zaidi. Nililia hadi mjini, na wale kina mama wengine wakadhani nimeguswa na maisha ya kambini. Mmoja akanisifu kwamba nina huruma.

Krismasi asubuhi Zubeda alikuwa mlangoni kabla hatujaenda kanisani.

"We Atu, baba ananoa kisu tangu jana. Kuku wenu yuko wapi?"

Nikamwambia mwaka huu hakuna kuku.

"Hakuna kuku, au hakuna kuku wetu?"

Akanipita kuingia ndani. Alichungulia juu ya kabati, akaona kifuniko kiko peke yake. Hakusema kitu siku hiyo. Aliyasema siku zilizofuata, tena mbele ya wenzetu wa kuruka kamba. "Bakuli letu limeota miguu?" Au, "Kwa kina Atu vyombo vinakwenda likizo Tukuyu." Wenzetu wakicheka na mimi nilicheka.

Mama alikuwa na hakika kwamba safari nyingine ya kambini iko karibu. Atalichukua bakuli, atalijaza, atalivusha, na hapo ndipo atakapoeleza yote kwa pamoja. Kwenda kueleza mikono mitupu aliona ni aibu. Akangoja. Safari ikaahirishwa, mara gari bovu, mara kibali. Na wakati tunangoja, sahani ndogo zilianza kukoma. Kwanza ilikuwa siku moja moja, kisha wiki nzima hakuna kilichovuka barabara. Mama Zubeda akiwa dukani alinisalimia vizuri, aliniuliza shule, ila hakunipa tena kipande cha kashata nikiondoka. Hakuja barazani. Mama alisahihisha madaftari peke yake, akiinua macho kila kiatu kilipopita barabarani.

Kwangu mimi yote yalikuwa wazi. Bakuli limepitiliza sikukuu yake, na ile njia inafungwa, kama nilivyojua itafungwa. Na aliyeifunga ni yule mwizi mrefu wa Nduta.

Pasaka ilipokaribia, gari likapatikana. Mama alimwomba mchungaji nafasi mbili, akaomba ruhusa shuleni. Njiani nilijiandaa maneno ya kumwambia mwizi. Sikupata nafasi ya kuyatumia, kwa sababu alikuwa amesimama njiani akitungoja, karibu na mahali magari yanapoegeshwa, na Kaneza pembeni yake kwenye gauni la njano lililopauka. Bakuli lilikuwa mikononi mwake. Lilikuwa limefunikwa kitambaa safi, na ndani limejaa maharage hadi ukingoni, yamepetwa, hakuna jiwe wala punje iliyovunjika.

Baadaye tulijua kwamba kila liliposikika gari la kanisa lolote, alikuwa anakuja kusimama pale na bakuli. Siku ile ya kwanza, alipotupita kwa hatua ndefu, alikwenda kwa majirani kuazima chochote cha kutia ndani, na mgao ulikuwa haujafika, hakuna aliyekuwa na kitu. Aliporudi na viazi viwili vitatu, gari lilishaondoka.

"Mama, nilichelewa," akasema. "Unisamehe." Akanyoosha bakuli kwa mikono miwili, na mama akanyoosha yake kulipokea.

Kijana wa kizibao akaingia katikati. Hakuwa na ubaya. Aliingia kama mtu anayewahi kuzuia mtoto asiguse moto. "Mwalimu, samahani. Hayo hayatoki. Hatuchukui kitu kwa walengwa, tena ni chakula cha mgao."

"Si nachukua, baba. Narudishiwa chombo changu."

"Chombo chukua. Maharage yabaki."

Mama akamgeukia yule mama, akamweleza kwa Kiswahili na Kiha na mikono. Kwamba amepokea, amepokea moyoni, ila amimine maharage yake, ampe bakuli tu.

"Oya," akasema mama yake Kaneza, anakataa kwa kichwa. Akalirudisha bakuli kifuani. "Tupu? Oya, mama. Ni isoni."

"Hakuna soni. Ni utaratibu wao."

"Utaratibu ni wa yeye. Soni ni ya mimi."

Kijana akavua kofia, akajifuta uso. "Mama, si umpe tu bakuli lake, sisi tuondoke?"

Hapo mimi, nikiwa nimebanwa katikati ya viuno vya watu wazima, nikasema kwa sauti kwamba hata hilo bakuli si letu, ni la Mama Zubeda.

"Zubeda ni nani?" akauliza mama yake Kaneza.

Mama akaeleza. Jirani. Bakuli lake la harusi. Nilitumaini kwamba sasa atalegea. Uso wake ukazidi kukaza. "Basi ndiyo mbaya zaidi. Bakuli la mtu, limekuja kwangu limejaa, lirudi kwa mwenyewe tupu? Atasema huyu ni mtu gani?"

Na mama yangu, Mnyakyusa wa Tukuyu aliyewahi kunituma na ndimu moja ndani ya sahani, alishusha mikono aliyokuwa ameinyoosha. Alijua kwamba yule mama ana haki. Kijana naye alikuwa na sheria zake, ambazo nadhani ziliwekwa kwa sababu nzuri, watu wa kambini wasije wakanyang'anywa chakula chao na wajanja. Wote watatu walikuwa watu wazuri, na bakuli halikusogea.

Mama akajaribu njia ya mwisho. Akamwuliza kijana kama tungeweza kukaa, tuyapike maharage, tuyale pale pale na mwenyewe. Tukishakula bakuli litakuwa limeshukuriwa, litaondoka bila aibu ya mtu.

Kijana akatazama saa, kisha akatazama maharage. Alikuwa amechoka kama sisi. "Mwalimu, maharage yanachukua muda gani kuiva?"

Mama akatazama jua lilipofika.

"Yangekuwa mayai," akasema, na nadhani alisikitika kweli, "ningewavumilia."

Tukaondoka. Nikigeuka nyuma nilimwona bado amesimama, bakuli limejaa mikononi, Kaneza ameshika kitenge chake. Maneno niliyomwandalia mwizi yalinirudi, nikawa sijui niyapeleke wapi. Mama safari hii alinieleza yote, neno kwa neno, njia nzima. Ilinichukua hadi tuone mabati ya mjini kuelewa kwamba yule mama alikuwa analinda sheria ile ile niliyokuwa naililia.

Tuliposhuka mama hakupita nyumbani. Alivuka barabara na tope viatuni, akaingia dukani, akasimama mbele ya Mama Zubeda aliyekuwa anapima kitenge cha mteja. Alisubiri mteja aondoke. Kisha akasema yote, tangu tangazo la kanisani hadi maharage.

Mama Zubeda alisikiliza huku anakunja kitenge. Alikikunja, akakikunjua, akakikunja tena.

"Kwa hiyo ni hilo," akasema mwishowe.

"Ni hilo, shoga yangu. Nilikuwa naona haya kuja mikono mitupu."

"Mimi nilidhani mmekatazwa." Aliweka kitenge chini. "Mchungaji mpya kaja, Krismasi sahani haikuja, kuku hakuja kuchinjwa. Nikasema basi, wameambiwa wasile na sisi. Nikamwambia baba Zubeda, tusiwasumbue, tusipeleke kitu, tutawatia majaribuni."

Mama aliketi juu ya gunia la chumvi.

"Mama Atu, watoto wale wanapita hapa kwenye mabasi, mimi siwaoni? Mimi sina macho? Mngeniambia. Bakuli ni langu, ningelijaza mimi mwenyewe. Na kitambaa ningekata cha pili." Sauti yake haikupanda, na hilo ndilo lililonitisha. "Mmetoa kwa niaba ya mtaa mzima, na mlango wangu mmeuruka."

Zubeda alikuwa nyuma ya pazia, nikamsikia anavuta kamasi. Kisha Mama Zubeda akaniambia nipite ndani, kuna kashata kwenye kopo.

Alijaribu kwenda Nduta. Alitaka kumpelekea yule mama mchele, wapakue wote wawili, amalize jambo lake. Akaambiwa anahitaji kibali, na kibali hupewa taasisi, yeye ni taasisi gani? "Mimi ni mwenye bakuli," aliwajibu. Wakacheka, kama walivyocheka wenzangu jana. Alirudia mara kadhaa. Kabla hajafanikiwa tukasikia, kupitia kwa dereva wa kanisa, kwamba kina Kaneza wameandikishwa kurudi kwao, na gari lao limeshapita. Bakuli mama yake Kaneza alikwenda nalo. Dereva alisema aliulizia kwanza kama kuna mtu anakwenda kwa Mwalimu, alikuwa nalo mkononi, limejaa.

Mama akachukua kifuniko kuvuka nacho barabara. Mama Zubeda alikigonga kwa kidole, kikalia. "Bakuli langu limeolewa Burundi," akasema. Kisha akamrudishia. "Kaa nacho. Likija, lisikose kifuniko." Idi iliyofuata pilau lilikuja kwenye beseni la plastiki la kijani, na chini yake kitambaa. Njia haikufungwa. Lakini wote tuliona kwamba beseni halikuwa bakuli, na mama yangu, kila alipolipokea, alisema ahsante mara moja zaidi ya inavyohitajika.

Hayo ndiyo niliyotaka kuyasema kikaoni. Sikutaka riba. Nilitaka mtu mmoja aniulize: nani hatujamwambia? Na huyo tunayempa, naye tutakaa kwake kwa muda wa maharage kuiva, au tutapiga picha tuondoke? Pengine hayo ni maswali yasiyoingia kwenye ajenda. Nitayauliza tena kikao kijacho, nikianza na bakuli, hata kama mwenyekiti atatazama saa.

Jana, nikiwa bado nimekasirika na maharage yanachemka, simu ililia. Alikuwa Zubeda, kutoka Ujiji, walikohamia baada ya baba yake kufariki.

"Arobaini ya mama ni Jumamosi. Unakuja?"

"Nakuja."

"Kile kifuniko bado unacho?"

"Kiko jikoni. Hicho unachosikia kinagonga."

Alisikiliza. Nami nikakiacha kigonge.

"Njoo nacho," akasema. "Lakini we Atu, usikilete kitupu."

"Kifuniko, Zubeda? Nitakijaza vipi?"

"Kigeuze."

Nilikitoa kwenye sufuria kwa kitambaa, nikakigeuza mezani. Kikaegemea kishikio chake, kikaanza kuyumba huku na huku, maji ya mvuke yanatiririka ndani yake.

"Kinayumba," nikamwambia.

"Basi kishike mwenyewe mpaka mlangoni."